Keya Asiyekwenda Kukomunika

Jina lake la ubatizo nalijua, na la ukoo nalijua, lakini pale kijijini sote tulimwita Keya, kwa sababu alikuwa askari wa Keya, jeshi lile la Mwingereza lililowachukua vijana wetu wa Ufipa kwenda kupigana na Mjapani huko Burma. Waliorudi walirudi na koti zito, na viatu, na namna mpya ya kutembea. Huyu wetu alirudi na jambo moja lililotuacha midomo wazi kwa miaka yote: hakuwa anakomunika, hakwenda kupokea Mwili wa Bwana.

Mtu wa mbali anaweza kusema, hilo nalo ni jambo? Kwetu ni jambo. Kwetu mlevi anakomunika akishaungama. Hata yule Kamili aliyemwiba mbuzi wa shemeji yake alilia kwa Padri, akapewa malipizi, Jumapili akaonekana mstarini ameinamisha kichwa. Lakini Keya, aliyefika kanisani kabla ya katekista, aliyejua Misa ya zamani ya Kilatini tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua maana ya neno hata moja, kisha ilipogeuzwa Kiswahili akaanza upya kujifunza kama mtoto, huyo ndiye aliyebaki amekaa. Benchi la wanaume lilisimama lote, naye anavuta magoti pembeni apishe wenzake. "Piteni, piteni," anasema polepole, kama bawabu. Mimi upande wa wanawake nilikuwa namtazama, najiuliza, huyu ana nini?

Watu hawakukosa jibu. Mama mkwe wangu, Skolastika, alisema anajua. "Ameua yule. Ameua mpaka hesabu imempotea. Ataanzia wapi kuungama?" Katekista wetu Oswaldi alidhani ana mke mwingine huko huko ng'ambo. Leokadia, ambaye hakuweza kukaa kimya, alisema amekula nyoka. Siku moja mtoni tukamzunguka mkewe, Febronia, tukamwuliza waziwazi. Akaweka ndoo chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu arudi, hajaniambia. Nyie mnaofua nami hapa ndiyo mnataka kuambiwa?"

Tukacheka, yakaishia hapo.

Na watoto nao hawakumwacha. "Shikamoo Keya! Uliua wangapi?" Yeye anaitikia marahaba, halafu: "Ng'ombe wenu wako kwenye ulezi wa Pio." Wanakimbia. Hakuwahi kusema ameua, hakuwahi kusema hakuua.

Basi nieleze tabia yake nyingine, maana bila hiyo hamtamjua. Keya alikuwa hapitwi na amri. Ukimwagiza, anasimama wima, anasema "Nimepokea," kisha anafanya, na anafanya yote mpaka inakuwa kichekesho. Tulikuwa na Bwana Shamba aliyetoka Mbeya, kijana mwenye haraka, akaja kutuambia tuache kulima matuta yetu ya nyasi, yale ya mviringo ambayo mama zetu walitufundisha, tupande mahindi kwa mstari na kamba. Sisi sote tukasema ndiyo bwana. Tukavuta kamba kwenye kipande kile kinachoonekana barabarani, huko nyuma tukaendelea na matuta yetu. Bwana Shamba aliporudi akakuta Keya amepanga mistari shamba zima, mlimani kwenye mawe, na kuzunguka choo.

"Mzee, hata nyuma ya choo?"

"Ulisema shamba lote, Bwana Shamba."

"Lakini hapa hapaoti kitu!"

"Hukuniamuru kiote. Umeniamuru nipande."

Kijana wa watu alicheka mpaka akashika mti. Keya hakucheka. Mwaka mwingine Padri, mzungu yule wa ndevu, alikuwa anafundisha mafundisho ya wazee kanisani, akaja kuitwa kwa mgonjwa upande wa Kasense. "Kaeni hapa, narudi," akasema, akapanda pikipiki. Hakurudi. Mgonjwa alifariki, yeye akalala huko huko. Wazee walingoja kidogo, wakatoka mmoja mmoja. Jioni Oswaldi alipokwenda kupiga kengele ya Malaika wa Bwana alimkuta Keya benchini, peke yake, mikono magotini.

"Mzee, Padri amelala Kasense!"

"Amesema anarudi."

"Nenda nyumbani, mke wako anakutafuta."

"Wewe ndiye unaniamuru?"

Oswaldi, mtu mwerevu, akajibu, "Ndiyo, nakuamuru." Keya akasimama, akapiga goti mbele ya altare, akaenda zake.

Tulikuwa tunacheka. Nasema tulikuwa tunacheka, kwa sababu hatukujua kicheko kile kitatufikisha wapi.

Maana mtu mwenyewe alikuwa mpole sana. Hakumpiga mkewe wala mtoto, na enzi hizo hilo lilikuwa la kushangaza. Kuku alichinjwa na Febronia, yeye akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Dismas wangu alipovunjika mkono, ni Keya aliyemfunga vijiti na kitambaa, huku anamwimbia wimbo wa kwata mpaka mtoto akasahau kulia. Ukimwona hivyo utasema, huyu hawezi kumdhuru mtu.

Kisha ikaja ile ya kuhamia vijijini.

Sisi tulikaa kule juu, kila ukoo na nyumba zake, kijito katikati. Ikaletwa amri kutoka wilayani: watu wote washuke barabarani, wakae pamoja, kutakuwa na shule, zahanati na bomba. Sipingi, shule ilikuja, na wajukuu zangu wamesoma pale. Ila ilitajwa siku, na ikasemwa atakayekutwa juu baada ya siku hiyo nyumba yake itaezuliwa. Wakatafuta mkuu wa mgambo wa kusimamia kazi. Wakamchagua nani? Askari wa zamani. Na sisi tulifurahi! Tulisema, afadhali ni mtu wetu, atatuonea huruma, atasogeza siku.

Siku ilifika katikati ya kipupwe. Mnaijua baridi ya Ufipa ya wakati huo, upepo unaopita ndani ya blanketi kama vile hukujifunika. Asubuhi tukasikia kelele upande wa kwake. Tukatoka. Nilichokiona sikukiamini: Keya yuko juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, anang'oa nyasi na kuzitupa chini, na Febronia amekaa juu ya jiwe katikati ya vyungu, amejifunga kanga kichwani, halii wala hasemi. Vijana wa mgambo walisimama tu. Walikuwa hawajapata kuona mtu akijiezulia.

Alipomaliza akashuka, akajikung'uta vumbi, akawaambia, "Twendeni inayofuata."

Wakapanda na njia. Nyumba moja baada ya nyingine. Hakumtukana mtu na hakumsukuma mtu. Alibisha hodi, akasalimu, akasema, "Toeni vitu, naezua." Watu walitoa vitu. Ungebishana na nani, na nyumba yake umeiona haina paa?

Akafika kwetu. Mume wangu Melkiori alikuwa chini barabarani anachimbia nguzo. Ndani nilikuwa na watoto na Skolastika, mama mkwe wangu, kitandani, kifua kinamkoroma tangu wiki iliyotangulia. Keya akaingia, akachuchumaa, akamsalimu kwa heshima, maana mama alimzidi umri.

"Dada, nimekuja."

"Nimekusikia tangu huko chini," mama akasema. "Mdogo wangu, niachie paa hili mpaka baridi ipite. Kifua changu si unakisikia mwenyewe?"

"Nakisikia, dada."

"Basi?"

"Amri ni ya leo."

"Na ukisema umeniruka? Nani atapanda mpaka huku kutazama?"

Nilimwona uso wake. Nawaapia, uso ule ulikuwa wa mtu anayepigwa. Nikasema moyoni, ataacha, huyu ataacha. Akasimama wima.

"Dada, nilishawahi kuruka. Siruki tena."

Hatukumwelewa. Akavua koti lake la jeshi akamfunika mama, akambeba mgongoni kama mtoto, akamtoa nje, akamkalisha juani penye ukuta. Kisha akapanda juu ya nyumba yetu. Mimi nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, kwa Kiswahili na kwa Kifipa. Hakugeuka. Nyasi zikaanguka, na masizi ya miaka yote ya jiko la Skolastika yakatumwagikia vichwani.

Halafu, na hapa ndipo mpaka leo sielewi mtu anaumbwaje, alimbeba tena mama mgongoni mpaka barabarani, mwendo wote ule wa mteremko, anapumzika na kuendelea. Akamjengea kibanda kwa mikono yake kabla ya kujenga cha kwake. Febronia na watoto wake walilala chini ya turubai kwa ajili hiyo. Lakini kibanda cha nyasi mbichi si nyumba. Skolastika hakumaliza kipupwe. Keya alikuja msibani, akachimba kaburi pamoja na wanaume. Aliponinyooshea mkono nilirudisha wangu ndani ya kanga, mbele ya watu wote. Melkiori akaniambia jioni, "Angekataa yeye, wangemleta mwingine." Nikamwambia, "Huyo mwingine nisingemjua."

Tangu hapo nilikaa naye jirani, nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa imepangwa, tukasalimiana kwa sababu ya watoto, basi. Jumapili nilimwona amekaa benchini wengine wakipita, nikasema, kaa hapo hapo. Unapajua mahali pako.

Miaka ikaenda. Ikaja ile ya kutafuta sabuni kwa foleni na kufulia majivu. Keya akaugua, miguu ikamvimba, pumzi ikawa fupi. Jioni moja Febronia akaja mlangoni kwangu. Hakuwahi kuniomba kitu tangu msiba ule.

"Mama Dismas, Padri anakuja na Mpako wa wagonjwa. Nisaidie kumgeuza nimtandikie shuka, peke yangu simwezi."

Nilikwenda kwa ajili yake. Tukamgeuza, tukamwosha uso, tukaweka msalaba na mshumaa mezani. Padri akaja, Mfipa mwenzetu, kijana, hajamaliza mwaka tangu apadirishwe. Akasalimu shikamoo kwanza, ndipo akabariki.

"Mzee, hawa watatoka, wewe utaungama, kisha nitakupaka mafuta, na utampokea Bwana."

"Siwezi kuungama, Padri," Keya akasema. "Wasitoke. Hii siyo kitubio, haina siri."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu ninayo dhambi ya mauti na siijuti. Nimejaribu kuijuta tangu Burma. Inakataa."

Febronia alikaa chini sakafuni. Mimi nikasema moyoni, sasa tunasikia walivyouawa.

Akasimulia kwa vipande, anavuta pumzi katikati. Walikuwa wachache na afande wao mzungu, porini kwenye mianzi, mvua haikatiki. Wakamwokota Mjapani mmoja, kijana, mguu umeoza kwa risasi. Hapakuwa na wa kumbeba. Afande akamwambia Keya, mpeleke kule nyuma ummalize, utufuate. "Nikasema nimepokea," Keya akasema. "Nikamburuta mpaka nyuma ya mianzi. Nikamweka chini, nikarudi nyuma hatua mbili tatu, nikainua bunduki. Na yule mtu, Padri, akajikusanya, akachuchumaa kwa mguu wake mmoja, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Hivi." Akaigiza kwa mikono iliyovimba, viganja vikigusana taratibu, mara moja, mara mbili.

Mimi na Febronia tukatazamana. Ndivyo tunavyosalimu sisi. Mfipa akimsalimu mkubwa wake anachuchumaa na kupiga makofi hivyo hivyo, na mkubwa anaitikia kwa makofi.

"Labda alikuwa anasali kwa dini yao," Padri akasema. "Au anaomba huruma."

"Labda. Hilo nimelifikiria baadaye. Pale sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe. Nikaibana bunduki kwapani, nikamwitikia. Nikishaitikia, nikajiona siwezi. Mtu umeshamwitikia salamu, unampigaje risasi? Nikafyatua ardhini. Nikamwachia maji yangu, nikamkuta afande, nikasema tayari. Nimevunja amri na nimedanganya. Uwongo nimeujuta. Amri sijaijuta hata siku moja."

Miaka yote ile! Damu tuliyoiona mikononi mwake haikuwapo. Mtu alijinyima Ekaristi karibu maisha yake yote kwa sababu ya mtu ambaye hakumwua.

"Lakini mzee," Padri akasema, na sauti ilikuwa inamcheza, sijui ni kicheko au kilio, "nani alikuambia hiyo ni dhambi ya mauti?"

"Mafundisho. Nilijifunza kwa kichwa kabla ya vita. Avunjaye amri katika jambo kubwa, kwa kujua na kwa kutaka, amekufa rohoni. Nilijua. Nilitaka. Jambo lilikuwa kubwa."

"Amri za Mungu, mzee! Amri Kumi!"

"Afande naye alisema amri. Mafundisho hayakusema ya nani."

Padri akaketi kitandani, akamshika mkono. Akamweleza polepole, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, kwamba mkubwa wa dunia akikuamuru kumwua mtu asiye na silaha, hiyo haikufungi. Kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyesema usiue. Kwamba siku ile kwenye mianzi hakuvunja amri, aliishika. "Huna cha kujuta hapo, baba yangu. Ulifanya vizuri."

Febronia akapiga kigelegele, kifupi, akajiziba mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka akacheka. Padri naye akacheka. Mimi nikamtazama Keya nione furaha.

Hapakuwa na furaha. Macho yalikuwa yamemtoka, yanatazama paa. Nimeona watu wakipewa habari za msiba. Uso ulikuwa ule.

"Padri," akasema. "Kwa hiyo amri ya mkubwa inakataliwa?"

"Ikiwa ni ya kumdhuru asiye na kosa, inakataliwa."

"Hata na mtu kama mimi? Asiyesoma?"

"Hata na wewe."

Kisha akasema, "Mimi nilijua nimeshavunja moja, nikaahidi zilizobaki zote nitazishika, labda itahesabiwa. Nikazishika." Akageuza kichwa, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe nyumba zile ningeweza kuziruka."

Padri alikuwa bado kijana wa shule wakati wa nyumba zile. Febronia aliacha kucheka. Na mimi, niliyeomba miaka yote Mungu amjulishe mtu huyu alichofanya, nilimwona akijulishwa, nikatamani asingejua.

"Hiyo naijuta," Keya akasema. "Hiyo haikatai. Padri, nitaungama. Febronia, toka. Mama Dismas abaki kidogo."

"Abaki wa nini?" Padri akauliza.

"Dhambi inatajwa moja moja. Mimi siku ile nilitazama mapaa, sikutazama watu. Huyu hasahau majina." Akaniambia, "Nitajie wenye nyumba."

Ningekataa? Nikavuta kigoda. Nikaanza pale nyumba zilipoanzia, kwenye kijito, nikapanda na njia kama alivyopanda yeye.

"Kamili."

"Kamili," akarudia.

"Generosa, mjane."

"Generosa."

"Pio na Anjela. Walikuwa na pacha wachanga."

"Pio. Anjela. Pacha."

"Leokadia. Benedikto kipofu. Oswaldi katekista."

Kila jina alilirudia, anavuta pumzi, nami namngoja. Nikafika juu kabisa, penye nyumba za mwisho, nikawataja wa kule nyuma, nikanyamaza. Padri akadhani nimemaliza, akachukua stola yake ya kuungamishia.

"Bado," Keya akasema. "Umemruka mmoja."

"Namjua niliyemruka, mzee."

"Mbona humtaji?"

"Ulimbeba mgongoni."

"Nilimbeba ili nimwezulie. Mtaje."

"Skolastika," nikasema.

"Skolastika," akasema Keya, akafumba macho. Kisha akaniashiria mlango, nikatoka, nikaufunga.